Nywele huokolewa kabla ya dripu ya kwanza

Mtu akiambiwa anaanza kemo, yaani dawa za kuua saratani, maswali yake ya kwanza huwa ya uhai: nitapona, tunaanza lini, itagharimu kiasi gani. Swali la nywele huja mwisho, kwa sauti ya chini, mtu akiwa ameshainuka kuondoka. Tunaliheshimu sana swali hilo. Anayeuliza habari ya nywele anauliza pia habari ya kazini, ya harusi ya mtoto, ya majirani ambao hajataka wajue. Shida ni kwamba likiulizwa wiki ya pili ya matibabu, jibu lake limeshapita.

Njia ya kuzuia nywele zisianguke ambayo ina ushahidi wa kutosha ni moja: kupoza ngozi ya kichwa wakati dawa inaingia mwilini. Wengi wanaiita kofia ya baridi, na kwa kawaida hupozwa na mashine. Inavaliwa kuanzia dozi ya kwanza kabisa. Ukiikosa dozi ya kwanza ukaja kuivaa ya pili, kwa dawa kali unakuwa umechelewa, kwa sababu nywele zitakazoanguka wiki ya tatu zilishapigwa siku ya kwanza.

Kichwa cha mtu mzima kina nywele kama 100,000, na wakati wowote karibu 9 kati ya kila 10 zipo katika kipindi cha kukua. Chini ya kila unywele unaokua kuna seli zinazogawanyika upesi kuliko karibu seli nyingine zote za mwili. Dawa za kemo huwinda seli zinazogawanyika upesi, na hazina namna ya kutofautisha uvimbe na mzizi wa unywele. Mzizi ukishapigwa, unywele unaoendelea kutoka unakuwa mwembamba, kisha unakatikia usawa wa ngozi au unachomoka wenyewe. Hayo yote huchukua siku 14 hadi 21. Ndiyo maana mgonjwa hukaa wiki mbili akijitazama kwenye kioo na kudhani yeye kanusurika, halafu asubuhi moja anazikuta kwenye mto. Siku moja au mbili kabla, ngozi ya kichwa huuma au kuwasha ikiguswa, na hiyo ni dalili ya kuaminika kuliko kalenda.

Baridi inafanya mambo mawili. Mishipa midogo ya damu kwenye ngozi ya kichwa inasinyaa, na damu inayopita hapo inashuka hadi kati ya 20% na 40% ya kawaida, hivyo dawa inayofika kwenye mizizi ni kidogo. Halafu seli zenyewe zinazubaa: zinafanya kazi polepole na kunywa dawa kidogo. Ili hayo yatokee, ngozi yenyewe inatakiwa ishuke chini ya nyuzi 22 za Selsiasi, na bora zaidi ikikaribia 18. Tunasema ngozi, wala si nywele, wala si hewa iliyokaa katikati ya nywele. Shika tofauti hiyo, maana ndiyo inayowaangusha wengi wenye nywele kama zetu.

Kabla ya yote, pata majina ya dawa zako kwa maandishi, pamoja na idadi ya mizunguko na muda wa kila dripu. “Kemo” si dawa moja. Doksorubisini, ile nyekundu kama juisi ya rozela, huondoa nywele karibu zote bila kofia, hasa ikipewa na saiklofosfamaidi. Epirubisini, paklitakseli, dosetakseli na etoposaidi nazo ni hivyo hivyo. Kwa upande mwingine, kapesitabini, jemsitabini na faivu-efu-yu (5-FU) mara nyingi hupunguza tu, na wapo wanaomaliza matibabu hayo bila mtu wa nje kugundua chochote. Anayepewa dawa za kundi hili hahitaji kuteseka na baridi. Tamoksifeni, ambayo ni kidonge cha homoni, huweza kuzifanya nywele kuwa nyembamba taratibu kwa miezi, na kofia haihusiki hapo.

Aina ya dawa ndiyo inayopanga pia matumaini yako yawe ya kiasi gani. Uholanzi, ambako kofia hizi zimezoeleka, rejista yao ya taifa ilichapisha mwaka 2012 hesabu ya wagonjwa 1,411. Nusu yao walimaliza kemo bila kuhitaji wigi wala kitambaa. Lakini ukiitazama ndani, nusu hiyo inadanganya: kwa waliopewa paklitakseli walioridhika na matokeo walikuwa 95%, na kwa waliopewa dosetakseli, doksorubisini na saiklofosfamaidi kwa pamoja walikuwa 8% tu. Mwezi Februari 2017 jarida la kitabibu la JAMA lilitoa tafiti mbili za Marekani kwa wanawake wenye saratani ya matiti. Katika mmoja, wanawake 67 kati ya 101 waliovaa kofia hawakupoteza zaidi ya nusu ya nywele. Katika mwingine walikuwa 48 kati ya 95. Kwa wale ambao hawakuvaa kofia, katika tafiti zote mbili, hakuna hata mmoja aliyebaki na nusu ya nywele zake.

Angalia neno “nusu” hapo. Wataalamu wakisema kofia imefaulu, wana maana mgonjwa hakupoteza zaidi ya nusu. Anaweza kuwa amepoteza theluthi na bado akahesabiwa kuwa amefaulu. Kwa kawaida ni kweli kwamba theluthi haionekani kwa mtu wa nje, kwa sababu nywele zinapungua kichwa kizima, hazitoki kwa mabaka. Lakini mgonjwa asipoambiwa hilo mapema, atakapoona nywele nyingi kwenye kitana wiki ya tatu ataamua kofia imeshindwa na kuacha. Tumeona watu wakiacha pale pale ambapo kofia ilikuwa inafanya kazi yake.

Wapo wasiotakiwa kuivaa kabisa. Wenye saratani ya damu na za matezi ya limfu hawavai, kwa sababu seli za ugonjwa huweza kuwa zimejificha kwenye ngozi ya kichwa na hatutaki dawa ikose kufika hapo. Wenye saratani iliyosambaa hadi ngozi ya kichwa hawavai, na pia wanaopigwa mionzi ya kichwa. Mionzi huondoa nywele pale tu inapopita, na baridi haizuii hilo. Halafu kuna wenye mwili unaogombana na baridi: wanaotoka vipele na kuvimba wakishika kitu cha baridi, na wenye magonjwa ambayo damu huganda au kushikana ikipoa. Mwenye kipandauso amwambie daktari mapema. Kwa watoto, saratani inayoongoza ni ya damu, kwa hiyo kwao mazungumzo haya kwa sehemu kubwa hayapo.

Hofu moja huulizwa sana, nayo ni halali: je, ukiinyima ngozi ya kichwa dawa, saratani haitahamia huko? Kwa saratani za uvimbe kama ya matiti, jambo hili limefuatiliwa kwa miaka mingi. Saratani kutokea kwenye ngozi ya kichwa ni nadra, chini ya mgonjwa 1 kati ya 100, na waliovaa kofia hawatofautiani kwa maana yoyote na wasiovaa. Hata hivyo mwenye neno la mwisho ni daktari anayekutibu, na asikubali yeyote kubadilishiwa dawa nzuri kwa dhaifu kwa ajili ya nywele.

Sasa tuje kwenye nywele zetu, maana hapa ndipo maelekezo yanayokuja na mashine yanapowaacha watu njiani. Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliowavalisha kofia wanawake weusi peke yao. Ulisimamishwa kabla ya kufikia idadi iliyopangwa, kwa kuwa karibu wote nywele zilianguka. Wapo waliosoma hilo wakahitimisha kwamba kofia si ya Mwafrika. Sisi hatukubaliani. Nywele za kipilipili zikiwa zimeachiwa zinasimama na kubeba hewa nyingi katikati yake, na hewa ni kizuizi kizuri sana cha baridi, ndiyo hiyo hiyo inayolifanya blanketi likupe joto. Kofia iko juu, ngozi iko chini, katikati kuna sentimita moja au mbili za hewa. Mashine inaonyesha baridi kamili huku ngozi ikiwa na joto lake. Hapo kofia haijavaliwa kwenye ngozi, imevaliwa juu ya nywele.

Kwa hiyo kazi inaanza siku kadhaa kabla ya dripu. Rasta, wivingi, na nywele zozote za kushonea au kubandika zitolewe zote. Nyuzi za bandia hazipitishi baridi na zinaongeza unene, na gundi inaacha ngozi na vidonda. Fumua taratibu, osha kwa shampuu isiyo kali, paka kondishena, chambua mafundo kwa vidole kuanzia ncha kwenda kwenye shina, kisha chanuo la meno mapana. Mafuta mazito, greisi na jeli visiwepo siku ya kemo. Kama nywele zako zina dawa ya kulainisha, usirudie dawa wiki za karibu na kemo: kemikali hiyo huchoma ngozi, na ngozi yenye kidonda ikikutana na baridi na chembe nyeupe za damu (zinazopigana na vijidudu) zilizoshuka kwa sababu ya kemo ni mlango wazi wa vijidudu.

Baada ya hapo kuna njia mbili, na uchaguzi unategemea urefu. Nywele ndefu au za kati zisukwe mistari ya kulala, kwa nywele zake mwenyewe tu, isiyokaza, ikielekea nyuma. Mistari iwe myembamba kiasi na bapa, ili kati ya mstari na mstari ngozi ionekane na kofia iiguse moja kwa moja. Tatu kichwa haifai kwa kazi hii, kwa sababu matuta yake matatu manene yanainua kofia kama mawe chini ya mkeka. Mabutu ndiyo mabaya kuliko yote. Ncha zote zilale, zisikusanyike fundo kisogoni. Nywele fupi zisizosukika zinalowanishwa kwa maji ya vuguvugu yaliyochanganywa na kondishena nyepesi hadi yafanane na maziwa, unapulizia na kukandamiza kwa viganja hadi zilale. Wataalamu wa ngozi wa Montefiore Einstein, New York, ndio waliolitilia mkazo jambo hili la kusuka na kulaza nywele kwa mchanganyiko wa maji na kondishena, na tunaona wamegusa penyewe. Hata zilizosukwa zilowanishwe: maji yanapitisha baridi, hewa haipitishi. Zilowe kama zilizokaushwa kwa taulo, zisichuruzike.

Msusi aambiwe ukweli kwamba huu si urembo. Aliyezoea kukaza ili mtindo udumu mwezi ataharibu, kwani nywele iliyovutwa kwenye mzizi ulio dhaifu hutoka yenyewe bila msaada wa kemo.

Kofia nayo ina saizi. Ya ndani ni ya silikoni, ina mifereji ambamo kimiminika baridi kinazunguka, na ya nje ni kitambaa kizito kinachoikandamiza, kikiwa na mkanda wa kidevuni. Watu huchagua kubwa kwa sababu inaingia kirahisi. Kosa. Inatakiwa ibane kila mahali kama kofia ya kuogelea. Mahali panaposhindwa mara nyingi ni utosini, na ndiyo maana wapo wanaobaki na nywele pembeni zote na kiraka cha upara katikati. Simama nyuma ya mgonjwa, weka viganja juu ya utosi na ukandamize. Ikididimia, kuna nafasi tupu chini yake, ivue uanze upya. Angalia pia nyuma ya masikio na kisogoni. Ukiwa na ndugu anayekusindikiza, mfundishe yeye kufanya ukaguzi huu, maana nesi ana viti vingine kumi. Kipande cha shashi, kitambaa chepesi cha kufungia vidonda, kipitishwe kwenye paji la uso na juu ya masikio, ambako hakuna nywele na baridi inauma bure.

Muda wa siku hiyo uhesabiwe nyuma kutoka saa ya dripu. Chukua mfano wa paklitakseli ya kila wiki, dripu inayochukua muda wa saa 1. Kofia iwe kichwani na mashine imewaka dakika 30 kabla, na kwa nywele nzito tunashauri 45, kwa sababu ngozi inachelewa kupoa. Dakika hizo zinalingana vizuri na dawa za awali za kuzuia mzio, kwa hiyo hupotezi muda. Dripu ikiisha, kofia haitoki; muda inaokaa unategemea dawa. Kwa dosetakseli tafiti za Uholanzi zimeonyesha dakika 20 za baadaye zinatosha kama 45 au 90. Kwa doksorubisini na saiklofosfamaidi inakaa dakika 90 au zaidi, kwa sababu dawa hizo zinabaki kwenye damu muda mrefu. Jumla, saa mbili hadi nne. Jipange na usafiri na chakula, na umwambie daktari wa zamu mapema: dripu ikianza kabla kofia haijapoza, siku hiyo imepotea, na ikiwa ni dozi ya kwanza yaweza kuwa umepoteza yote.

Dakika 10 hadi 15 za mwanzo ndizo ngumu. Kichwa kinauma kama aliyemeza barafu kwa pupa, wengine wanasikia kichefuchefu au kizunguzungu. Baada ya hapo ngozi inakufa ganzi na wengi husinzia. Vidonge 2 vya paracetamoli vya miligramu 500 nusu saa kabla vinasaidia, lakini kwa ruhusa ya daktari, na pima joto la mwili kwanza. Paracetamoli inaficha homa, na kwa mgonjwa wa kemo joto la nyuzi 38 ni dharura, si jambo la kuficha. Vaa soksi, beba blanketi au khanga mbili, chai ya moto kwenye chupa. Kwenda msalani unaweza: mrija unachomolewa kwenye mashine, kofia inabaki kichwani, na urudi ndani ya dakika 10. Mwishoni usiivue kwa nguvu. Nywele zilizolowa zimegandana na silikoni. Subiri dakika kadhaa hadi ilegee, kisha iteleze kuanzia kisogoni.

Mashine za aina hii zinajulikana sana Ulaya: Paxman ya Uingereza na DigniCap ya Sweden, zote mbili zimekubaliwa na mamlaka ya dawa ya Marekani, DigniCap mwaka 2015 na Paxman 2017. Waswahili walioko Uingereza, Uholanzi au Marekani waulize moja kwa moja kwenye kliniki yao, kwa sababu mara nyingi mashine ipo lakini hakuna anayekutajia mpaka utaje wewe. Hospitali nyingi za saratani Afrika Mashariki hazina. Uliza hata hivyo, na uulize siku ya kupangiwa matibabu.

Kuna pia kofia za mkono, za jeli, zinazopozwa kwenye barafu kavu hadi takribani nyuzi 30 chini ya sifuri na kubadilishwa kila dakika 20 hadi 30. Zinahitaji mtu wa pili aliyefundishwa, kipimajoto cha kuelekeza, glavu nene, na kofia nyingi za akiba. Barafu kavu yenyewe ina nyuzi 78 chini ya sifuri na hutoa hewa ya kaboni dayoksaidi. Ikiwa ndani ya gari lililofungwa vioo inaweza kumzimisha dereva. Madaktari wamesharipoti majeraha ya baridi kwenye paji la uso na masikio ya waliozivaa bila kinga. Kwa sababu hiyo tunawasihi watu wasijaribu kutengeneza zao kwa mifuko ya barafu ya friza, maharage yaliyogandishwa au taulo. Barafu ya maji inapoza hapa na kuacha pale, inayeyuka ndani ya dakika chache, na mahali inapogandamana na ngozi inaunguza. Matokeo yake ni mabaka ya upara pamoja na malengelenge, wakati chembe nyeupe zinakaribia kushuka.

Nyumbani, siku za kawaida, kanuni ni kuacha nywele zitulie. Kuosha si zaidi ya mara 2 kwa wiki, maji ya vuguvugu, kukausha kwa kubonyeza na taulo. Draya, pasi ya nywele na rangi havigusi. Foronya iwe ya satini au hariri, au ulale na kilemba cha kitambaa hicho. Lakini nywele zetu zina hatari ambayo nywele za kunyooka hazina. Unywele uliokatika haudondoki, unabaki umejizungusha kwenye jirani zake. Siku tatu bila kuchambua, zinashikana kama sufi. Wiki moja, panakuwa na donge ambalo halichaniki, na anayelilazimisha kwa chanuo anang'oa na zile zilizokuwa zimepona. Wengine wanakata donge na kulaumu kofia. Kwa hiyo mistari ya siku ya kemo usiiache wiki tatu: ifumue ndani ya siku chache, pulizia maji na kondishena, na kila jioni pitisha vidole taratibu, ukitoa zilizoachia. Zihesabu kama zinakutuliza, lakini ujue hata mtu mzima wa afya hupoteza 50 hadi 100 kwa siku. Kipindi kibaya ni kati ya wiki ya 3 na ya 5. Endelea na kofia hata hapo, kwa kuwa inalinda pia mizizi iliyobaki ili irudi mapema.

Watu watakuletea vitu. Mafuta ya nyonyo, maji ya vitunguu, mwarobaini, vidonge vya bayotini (aina ya vitamini). Vyote vinakaa juu ya ngozi au vinapita tumboni, na dawa inakuja kwa damu. Mafuta mepesi ya nazi kwa ajili ya ngozi kavu hayana ubaya siku zisizo za kemo. Kitunguu kwenye ngozi iliyochubuka tunakikataa. Bayotini ya dozi kubwa tunaikataa kwa sababu nyingine: inavuruga vipimo vya maabara, vikiwemo vya moyo na tezi ya shingo, na mgonjwa wa doksorubisini anahitaji vipimo vya moyo vinavyosema kweli. Minoksidili ya 2%, dawa ya kupaka ya kuotesha nywele, ilijaribiwa katika utafiti mdogo uliochapishwa 1996. Haikuzuia nywele kuanguka, ila muda wa upara ulipungua kwa siku zipatazo 50. Ni jambo la kuzungumza na daktari baada ya matibabu.

Asiye na kofia naye anayo maandalizi yake, na tunayathamini sawa. Punguza nywele hadi sentimita 1 au 2 kabla ya siku ya 14, kwa mashine ya saluni iliyofutwa spiriti, siyo kwa wembe. Mkwaruzo mdogo wa wembe siku ya 10, chembe nyeupe zikiwa chini kabisa, unaweza kumlaza mtu wodini. Wigi lichaguliwe nywele zikiwa bado zipo, ili rangi na mstari wa usoni vifanane, na lijaribiwe likiwa na kofia ya pamba ndani. Wanaovaa hijabu wachague kofia ya ndani ya pamba isiyo na mshono mkubwa, kwani ngozi tupu inachubuka upesi. Na jua la kwetu si la kuchezea kichwa kikiwa wazi: kofia pana au mtandio, hata kwenda dukani.

Nyusi na kope kofia haizilindi. Mara nyingi huanguka baadaye kuliko za kichwani, wengine kemo ikikaribia kuisha, na hilo huumiza kwa kuwa mtu alishajiona amevuka. Nywele za puani nazo huondoka, ndiyo sababu ya pua kuchuruzika bila mafua.

Nywele huanza kurudi wiki 4 hadi 6 baada ya dozi ya mwisho, kwanza kama manyoya ya kifaranga, kisha kwa mwendo wa kama sentimita 1 kwa mwezi. Huweza kuja laini, za mvi, au za mkunjo tofauti na wa zamani, na mara nyingi mkunjo huo hubadilika tena ndani ya mwaka. Kwa wachache, hasa waliopewa dosetakseli, utosi hubaki mwepesi moja kwa moja. Hilo liambiwe mgonjwa kabla, siyo baada. Miezi 6 ikipita na bado hakuna kitu, mwone daktari wa ngozi, maana upungufu wa damu na tezi ya shingo navyo huzuia nywele na vinatibika. Rangi na dawa ya kulainisha visubiri angalau miezi 3, bora 6. Msuko wa kwanza uwe wa nywele zake mwenyewe, mistari michache, bila kuvuta vishungi vya usoni.